Fungate ya Kiini Kipya

Majuzi mliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Nawashukuru. Kumpa saa mtu anayestaafu ni jambo la kushangaza kidogo, maana ndiyo kwanza hana pa kuwahi, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Mkuu wa kituo aliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya miaka yangu katika chumba cha mitambo, ili ninyi mnaobaki mjue tulivyokuwa tukifanya kazi. Nilikubali kwa shingo upande. Habari za vyeo siziandiki, kwa sababu vingi havikunifikia. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, na jinsi nilivyoiharibu siku moja. Siku hiyo moja ndiyo iliyonifanya nichelewe wiki tatu kushika kalamu.

Nilikuja kituoni nikitoka kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio karibu na soko la Bagamoyo. Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye mlingoti uani, na fundi mkuu alikuwa Mwalimu Mwinshehe, aliyepata kusomesha fizikia sekondari kabla ya kuletwa redioni. Siku ya kwanza alinikabidhi mswaki. Nilidhani ananitukana. Kumbe ulikuwa wa kusugulia feni za kompyuta, maana Bagamoyo chumvi haikai chakulani tu, inapanda hewani na kula kila chuma inachokikuta. Wiki nzima nilisugua. Siku ya nane akanipa bisibisi, na mwezi wa pili ndipo akaniruhusu kugusa kibodi.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa kompyuta iliyozimika kila ikifika adhuhuri. Nilibadilisha waya, nikabadilisha vijiti vya kumbukumbu, nikalaumu umeme, nikamlaumu na aliyeiunda. Mwalimu alikuja, akavuta pumzi puani mara mbili, akasema, "Fungua kisanduku chake cha umeme." Ndani yake alikuwamo mjusi aliyekauka, amejikunja juu ya feni. "Pua nayo ni chombo cha kazi," akaniambia, akaenda zake kunywa kahawa. Mpaka leo naanza na pua, na mara nyingi inanitosha.

Kompyuta zetu zilitumia mfumo huria, ule ambao yeyote anaweza kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Mwalimu aliupenda kwa sababu, alisema, hakuna mwenyewe wa kutufungia mlango siku tukikosana. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, ambacho ninyi vijana mnakiita kerneli. Kiini ndicho kinachozungumza na vyuma. Wewe unabonyeza, programu inaomba, na kiini ndicho kinachoiambia kadi ya sauti itoe sauti. Kila baada ya muda watengenezaji hutoa kiini kipya kilichozibwa matundu ya kile cha zamani. Ukikiweka kipya, cha zamani hakiondoki. Vinakaa vyote viwili, na kompyuta inapowaka unachagua uingilie kipi. Kipya kikikushinda, unarudi kwa cha zamani, na kazi inaendelea.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa na sheria yake. "Kiini kipya ni bibi harusi," alisema. "Mpe fungate." Mnajua wenyewe, kwetu pwani maharusi hukaa ndani siku saba bila kutumwa wala kusumbuliwa, na nyumba inaendelea kushikwa na watu wazima mpaka wale watoke. Basi kila tulipoweka kiini kipya, Mwalimu alibandika utepe wa karatasi juu ya kompyuta na kuandika siku kilipoingia. Siku saba tulikitumia na kujaribu kila chombo, na kile cha zamani hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Siku ya saba alibandua utepe, akakiondoa cha zamani kwa heshima zote, kisha tukaagiza visheti kwa jirani, tukala na kahawa. Wageni walituona wendawazimu, watu wazima tunafanyia kompyuta karamu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya tahadhari ile. Kadi ya sauti ya kompyuta ya studio ilikuwa ya zamani, na walioiunda walikwisha kuisahau. Programu ya kuiendesha Mwalimu aliiunganisha mwenyewe, mstari kwa mstari, na kila kiini kipya kilipoingia ilibidi ijengwe upya ili ikubaliane nacho. Aliijenga yeye. Mimi nilimshikia tochi na kuitikia "naam, Mwalimu". Nilijua kwamba jambo hilo linafanyika, lakini sikuwahi kulifanya kwa mikono yangu, na sikuona haya kutolijua. Wadogo zangu, oneni haya mapema.

Mwalimu alipostaafu alihamia shambani kwake Kerege, akaniachia daftari lake la jalada gumu, mswaki, na chumba kizima. Miaka minne ya mwanzo nilifuata fungate kama alivyoniachia. Kadi nayo, kila ilipofika zamu yake, nilimwita aje aijenge, na alikuja. Kisha nikaanza kuchoka kumwita. Fundi mkuu wa kituo anamwita mstaafu amfanyie kazi, watu watasemaje? Nikaacha kuweka viini vipya kabisa. Ukapita mwaka mmoja na nusu, sijabadilisha kitu.

Sasa niwaeleze habari ya matangazo ya vifo, kwa kuwa siku hizi simu zimewafanya muyaone kama mambo ya kale. Kila siku saa nne asubuhi msomaji wetu, Mwajuma, aliyasoma. Kwetu maiti hailazwi. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini, na jamaa walio mbali wanatakiwa wajue mapema wapate kumwahi. Huko ndani ya Makurunge kulikuwa na mashamba ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya kichuguu. Watu wa huko walitegemea redio, na ikifika saa nne hata jembe waliliweka chini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Saa mbili na nusu alifika mtu mmoja, Omari, macho mekundu, karatasi mkononi. Mama yao, Bi Zena, amefariki alfajiri hapo mjini, na watazika baada ya swala ya alasiri. Mwajuma alikuwa bado hajafika, basi karatasi niliipokea mimi.

"Ndugu wote tumeshawapata," alisema. "Amebaki dada yetu Kidawa tu, yuko Makurunge ndani, shambani. Simu yake haipatikani huko. Lakini redio haiachi, saa nne lazima asikilize. Kaka yangu, nakuomba, lisomwe saa nne ileile. Ni yeye aliyemuuguza mama miezi minane. Ametoka juzi tu kwenda kuangalia mpunga."

"Ondoa shaka," nikamwambia. "Litasomwa."

Tulikuwa na desturi ya kuupumzisha mtambo wa kurushia matangazo kuanzia saa tatu hadi saa nne kamili, maana chumba hakikuwa na kiyoyozi. Asubuhi hiyo nilikuwa na hamu ya kazi. Kompyuta ya studio ilikuwa imenionya wiki nzima kwamba kiini chake kimepitwa na wakati, nami nikasema leo namaliza. Nikaamuru kiini kipya kiingie. Kompyuta ikakataa, nafasi haitoshi. Sehemu ya diski inayotunza viini ilikuwa ndogo, na mlikuwa na viini viwili vya zamani, kimoja nilikisahau humo fungate ya mwisho ilipokwisha. Nikaondoa kile cha zamani zaidi. Hapo sikukosea. Kiini kipya kikaingia, nikaizima na kuiwasha, na skrini ikaja safi, herufi zimenyooka, taa ya mtandao inapepesa. Niliipenda. Nikautazama ule utepe wa karatasi mezani, nikasema moyoni, fungate ni mambo ya Mwalimu na visheti vyake. Nikaandika amri ya kufagia kila kisichotumika. Mashine ikaniuliza, ndiyo au hapana? Nikajibu ndiyo.

Sikujaribu sauti. Vipokea sauti vya masikioni vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Saa nne Mwajuma akakaa, akafungua kipaza sauti. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Kupitia kioo nilimwona midomo inacheza, na redio ndogo ya mezani, tuliyoiweka kujisikiliza, iko kimya. Nilidhani betri. Nikaipiga kofi. Kisha nikaelewa. Kila sauti ya kituo kile, hata ya kipaza sauti, ilipitia kadi ile, na kiini kipya kilikuwa hakiijui. Cha zamani kilichoijua nilikwisha kukifagia mwenyewe.

Daftari la Mwalimu lilikuwa na ukurasa wake: "Kadi: ijengwe upya kila kiini." Chini yake amri sita. Nikaziandika. Ya tatu ikagoma, ikataka mafaili ya kujengea ya kiini kipya, ambayo sikuyachukua, na mtandao wa kituo ukakatika muda uleule nilipouhitaji. Nikajaribu wa simu, ukashusha tone tone. Tulikuwa na waya wa akiba wa kupeleka kipaza sauti moja kwa moja kwenye mtambo. Nikautafuta, nikaupata, kichwa chake kimeliwa na chumvi. Mswaki sikuwa nimeushika muda mrefu.

Mwajuma alikuja mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza tu. Mara ya pili, saa tano na nusu hivi, alikuwa na karatasi ya Omari mkononi. "Kaka," alisema, "tumtume basi mtu wa bodaboda Makurunge, akamwambie yule mama kwa mdomo. Hata kama hapajui, akiuliza ataonyeshwa."

Nikamjibu, "Dakika tano tu."

Mara ya tatu alisimama mlangoni, karatasi ileile mkononi. Nami nikasema tena, dakika tano tu. Wadogo zangu, hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko amri zote sita. Bodaboda mpaka Makurunge ni mwendo wa saa moja na ushei. Saa tano na nusu tungewahi. Saa saba tungewahi. Lakini kumtuma mtu kungekuwa kukiri kwamba nimeshindwa, na mimi kila dakika niliona nimebakiza kidogo.

Saa nane ndipo nilipompigia Mwalimu. Hakuuliza mengi. Saa tisa na nusu akateremka kwenye pikipiki kutoka Kerege, kanzu imejaa vumbi, mkononi kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na diski yenye kile kiini cha zamani, pamoja na programu yake ya kadi iliyokwisha kujengwa. Alikaa, akaitazama skrini, akautazama utepe uliokuwa mezani mtupu.

"Fungate imeisha?" akauliza.

"Haikuanza, Mwalimu."

Alifanya kazi yake taratibu, na saa kumi na moja kasoro dakika chache redio ya mezani ikapiga mluzi, ikarudi. Mwajuma alikuwa ameshika karatasi. "Nisome?" akauliza. "Limeandikwa atazikwa leo alasiri. Walishatoka kaburini hawa." Mwalimu akamwambia, "Soma. Kujua msiba ni haki yake." Mwajuma akasoma, na jina la Kidawa wa Makurunge akalirudia mara mbili.

Mwenyewe alikuja siku ya nne, hitima imekwisha. Tulisikia hodi, tukaitikia, akaingia mama mmoja mwembamba, kanga mbili, viatu kavishika mkononi vimejaa tope. Tuliamkiana. Alikataa kiti.

"Naulizia tangazo la mama yangu, Bi Zena," alisema. "Mimi ndiye Kidawa. Nililisikia saa kumi na moja, nikatoka mbio, nikafika magharibi. Sikumkuta. Nataka kujua tu, ile ya saa kumi na moja ilikuwa marudio? Saa nne lilisomwa?"

Mwajuma alinitazama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, halikusomwa, na lilikuwa jepesi. Watu wa pwani tunasamehe makosa ya mitambo, redio ile ilikuwa inanyamaza kila mvua ikinyesha, na hakuna aliyekuwa akiandika saa. Labda hata angenipa pole. Lakini mkuu wa kituo, ambaye Jumatatu ile alikuwa safarini, alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba ulikuwa umeme tu, tena uliokatika baada ya matangazo ya vifo.

"Lilisomwa, mama," nikasema. "Saa nne, kama kawaida."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa akikijua. "Basi ni mimi," akasema. "Mawe ya redio, betri zile, yalikuwa yamechoka, redio inakoroma. Nikayatoa asubuhi ile nikayaanika juani yapate nguvu. Nikajiambia, leo nani atakufa." Akatushukuru. Kweli, alitushukuru, akasema Mungu awalipe kwa kazi yenu, akatoka na viatu vyake mkononi.

Nilijichukia siku ile, na ningali najichukia. Mwajuma hakunisema. Alihama kituo mwaka uliofuata, akaolewa Mapinga, na tulipoagana alinipa mkono bila kunitazama. Mwalimu nilimweleza mwenyewe, kwa kuwa nilishindwa kulala na jambo lile peke yangu. Alisikiliza hadi mwisho. "Nenda kamwambie," akasema. Kila nilipomtembelea Kerege, baada ya salamu na habari za mihogo, aliniuliza, "Ulikwenda?" Nami nikajibu, bado, Mwalimu, mvua, bado, Mwalimu, kazi zimenizonga. Kisha alifariki. Tangazo lake nilisimamia mimi, likasomwa saa nne kamili, likarudiwa saa sita na saa nane. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kama nilikwenda, na nikagundua kwamba kutoulizwa kunauma zaidi.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi vizuri, nadhani. Niliijenga ile kadi mwenyewe mara nyingi, mpaka ilipokufa tukapata mpya isiyotaka ubembelezi. Fungate sikuivunja tena. Ninyi mlicheka utepe wangu wa karatasi, nikawaacha mcheke. Mlipenda visheti.

Wiki ya kwanza ya kustaafu kwangu nilichukua bodaboda hadi Makurunge. Niliuliza njia mara tatu. Nilimkuta Bi Kidawa barazani kwake, amezeeka, ungo mapajani, anachambua kunde. Kando yake, juu ya kigoda, redio ilikuwa inacheza taarabu kwa sauti ya chini. Nikamwamkia, akanikaribisha, akaniletea maji. Hakunikumbuka. Nikamwambia mimi ni nani. Kisha nikamwambia kwamba tangazo la mama yake halikusomwa saa nne. Kwamba kutwa nzima ile redio ilikuwa bubu, na aliyeifanya bubu ni mimi, kwa haraka na kwa kiburi. Kwamba hata angeyaacha mawe yake ndani ya redio asingesikia kitu. Kwamba aliponiuliza nilimdanganya usoni.

Aliacha kuchambua.

"Saa nne halikusomwa," akasema.

"Halikusomwa, mama."

"Hata ningekuwa nimekaa papa hapa, na mawe mapya."

"Hata hivyo."

Sikuomba msamaha wakati huo. Nilitazama redio ile ili nisimtazame yeye. Ilikuwa kuukuu, kifuniko cha mgongoni kimefungwa kwa kamba ya katani, na chini ya kigoda palikuwa na kikapu kimejaa betri zilizokwisha, zimekauka na kuvimba, nyingi kiasi kwamba niliona haya kuzihesabu.

"Sijaizima," akasema. Alikuwa ameona ninakotazama. "Tangu siku ile. Nikiswali naipunguza. Nikienda shamba naiacha inaongea, ili jirani akisikia aje aniite. Wajukuu wanasema bibi ana wazimu. Nimewaambia, nilishaizima mara moja."

Kisha akanyoosha mkono, akaizima. Baraza ikawa kimya. Akauweka ungo chini, akajifunika kanga usoni, ndipo akaanza kumlilia mama yake.